Plasta imetoka, mbona mkono hauna nguvu?

Mama mmoja alikuja kwetu, kwenye tiba ya viungo hapa Goma, wiki tatu baada ya kutolewa plasta ya mfupa. Alikuwa ameteleza kwenye mawe ya volkano akitoka ziwani na bidoni ya lita 20. Picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri, lakini mkono ulishindwa hata kukamua kitambaa cha kudekia. Jirani alimshauri aminye mpira wa watoto. Aliuminya kila siku mpaka vidole vikauma, na nguvu haikurudi.

Tulimwomba akutanishe viganja kifuani kama anayesali, kisha ainue viwiko polepole. Mara kitako cha kiganja cha kushoto kikaachana na mwenzake. Shida ilikuwa pale, kwenye kifundo cha mkono, wala si kwenye vidole.

Misuli mikubwa inayofunga vidole imelala kigashani (kati ya kiwiko na kifundo), karibu na kiwiko. Inavuta vidole kwa kano ndefu, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, na tisa kati yake zinapita upande wa kiganja katika njia nyembamba ya kifundo, zikibanana na neva moja. Kifundo kikikunjwa ndani, misuli hiyo inafupika mno na kukosa nguvu ya kuvuta, huku kano za nyuma ya mkono zikivutika na kufungua vidole. Mshiko unakaza kifundo kikipinda nyuma kidogo, digrii 20 hadi 35 hivi. Jaribu: shika kalamu, kunja kifundo ndani mpaka mwisho, mwambie mtoto aivute. Itatoka. Pindisha kifundo nyuma kidogo, ushike tena. Atahangaika.

Ndiyo maana kwetu mpira unakuja mwisho. Tunaanza na maji ya uvuguvugu, tunalegeza kifundo kwa mikono yetu, kisha wewe mwenyewe unaegemea meza kwa kiganja, taratibu, sekunde 30 kila mara. Halafu tunaijenga misuli ya nyuma ya kigasha, ile inayozuia kifundo kisianguke ndani unapominya. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha: kigasha juu ya meza, mkono umepita ukingo, kiganja kinatazama chini, unainua na kushusha polepole.

Tafadhali usijitibu kama gumba, kidole cha pili na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku. Ile neva inabanwa, na kuminya kunaweza kuiumiza zaidi. Na ukianguka ukaegemea kiganja, kisha ukasikia maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya gumba, nenda kwa daktari kwanza. Mfupa mdogo wa pale unaweza kuvunjika bila kuonekana kwenye picha ya siku ya kwanza. Motari wengi, waendesha pikipiki za abiria, wanalipuuza hili, na linatuumiza sana kwa sababu mfupa ule huunga polepole.

Ukija, lete picha zako, na chombo unachofanyia kazi kama kinabebeka: mkasi, mwiko, nyundo. Tunataka kuona unavyokishika.