Kwa mdogo wangu anayekwenda kambi ya sayansi Iringa

Mdogo wangu,

Nimefurahi mno kusikia likizo hii unakwenda na wenzako wa chuo kuwafundisha watoto wa kidato cha pili. Nakuomba jambo moja: anayeuliza asivunjwe moyo.

Mnakwenda alikosoma Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, alioutia kwenye friji ungali moto, umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa hapo Iringa, akamuuliza jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza nao. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi chuoni aliagiza jambo lile lipimwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, yeye na kijana yule. Hadi leo wanafizikia wanalibishania.

Sasa watu wa chuo ni nyinyi. Mmewazidi miaka michache tu, kwa hiyo watawauliza yale wasiyothubutu kumuuliza mwalimu. Mtoto akikwama kwenye Kiingereza cha kitabu, mweleze kwa Kiswahili kwanza.

Vifaa navyo viwe mikononi mwao. Msipokuwa na kemikali, chemsheni choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Maji yake mekundu ukiyatia magadi yanageuka rangi, yanaelekea kijani; kamulia limao, yanatoa povu na wekundu unarudi. Usiwaambie mapema kitakachotokea! Waache wabashiri, wabishane, ndipo wajaribu. Halafu tazama nani ameshika glasi. Mara nyingi wavulana hukimbilia vifaa, wasichana wakaachiwa kuandika matokeo. Hilo linaniuma sana. Wekeni zamu na mzisimamie.

Kila swali mtakaloshindwa liandikeni kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeuliza. Mkirudi chuo, mpelekeeni mhadhiri, kisha jibu mlitume kwa barua kupitia mwalimu wa shule yake, maana wengi wako bweni na hawana simu. Limfikie kabla ya mtihani wa kidato cha pili.

Nauli nimeshatuma. Beba sweta, Iringa Juni ni baridi.

Dada yako