Makoti ya Gikomba

Nairobi, 9 Juni

Mpendwa shoga yangu Mwanaisha,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na mama na wote nyumbani. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma mapema. Nimefurahi sana kusikia kwamba umepata kazi na kwamba utaanza Julai, mwezi ambao jua la huku huchelewa kutoka na siku nyingine halitoki kabisa. Umeniuliza utapata wapi makoti mawili ya ofisini bila kuumaliza mshahara ambao hata hujaupokea. Jibu langu ni Gikomba, soko la mitumba la hapa Nairobi, lakini usiende peke yako.

Nilipohamia hapa niliyaogopa matope ya Gikomba na vibaka wake, nikanunua koti la kijivu katika duka moja la mjini lenye vioo na manukato, kwa shilingi 4,500. Mwenye duka aliniapia kwamba limetoka Italia moja kwa moja. Usiku huo nilitia mkono mfukoni nikatoa kijikaratasi cha duka la hisani, yale yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa, bei yake imeandikwa kwa pauni za Uingereza. Kumbe lilikuwa mtumba kama mitumba mingine, limefuliwa tu, likapigwa pasi na kutundikwa!

Baadaye nilielewa mambo yanavyokwenda. Nguo hizi hushushwa bandarini kwenu Mombasa, zimebanwa katika mabelo ambayo mengi huwa na uzito wa kilo 45 hivi, na mwenye kununua belo hajui hali ya kilichomo mpaka alikate kamba. Alfajiri, mabelo yanapofunguliwa, wenye maduka huwa wamekwisha kusimama pale, nao huchukua zile nzuri kabisa ambazo wachuuzi huziita kamera. Wengine huchagua zinazobaki, na mwishowe huja fagia, rundo la chini linalouzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo, tukifika saa nne tukiwa tumekunywa chai yetu vizuri, tutakuwa tumekwenda kununua mabaki ya watu.

Koti langu ninalolipenda kuliko yote nililipata saa moja kasoro asubuhi. Ni la sufu, rangi ya buluu iliyokoza, na lebo yake inasema limeshonwa Ujerumani Magharibi, jina ambalo nchi hiyo iliacha kulitumia mwaka 1990. Bitana yake ilikuwa imeshikizwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana kama punje za mchele. Nililirudisha mara mbili kana kwamba halinihusu. Mchuuzi alitaka 800, nikamtajia 300, akashika kifua: "Dada, hiyo ni kamera, usiniue!" Tulikubaliana 350. Lilikosa kifungo kimoja, na fundi wa safu ya pili akapekua mkebe wake mpaka akapata kinachofanana, akanitoza ishirini.

Usidanganywe na majina makubwa kwenye lebo, kwa maana lebo hushonwa upya kama kiraka chochote. Tazama makwapa, vuta zipu mpaka mwisho, kisha liinue koti kwenye mwanga, kwa sababu tundu la nondo halionekani nguo ikiwa imelala. Mabega ndiyo muhimu zaidi. Mikono fundi atakupunguzia kwa bei nafuu, lakini mabega yakikupwaya liache, hata likiwa zuri vipi. Mimi ninalo moja la namna hiyo kabatini, sijalivaa hata siku moja na moyo haunipi kuligawa.

Pesa utazigawanya katika mifuko miwili, na simu itabaki nyumbani. Viatu vaa vya kukanyagia matope, kwani Mto Nairobi uko pale pale na mvua ikinyesha njia hazipitiki.

Nina ombi moja kabla hujapanda treni. Pita soko la Kongowea, huko huko kwenu, uulize bei ya makoti. Mabelo hayachagui hali ya hewa, na kwa joto la huko nashuku kuna mchuuzi mwenye makoti mazito ambaye kwa muda mrefu hajaulizwa hata bei. Ukimpata, nichukulie la kahawia, mabega yangu unayajua.

Wasalimie wote.

Akupendaye,
Nafula