Kabla ya kurudisha vichwa vya kuchovya shaba, tazama ulivyobana mdomo wa ganda

Malalamiko tunayopokea dukani kwetu hapa Columbus, Ohio, kuhusu vichwa vya risasi vya kuchovya shaba yanafanana sana. Mteja amenunua boksi la vichwa vya milimita 9, akajaza risasi zake nyumbani kwa utaratibu uleule aliouzoea, akaenda kulenga shabaha, na karatasi ikawa na matundu yaliyotawanyika. Mengine ni marefu badala ya kuwa ya mviringo, ishara kwamba kichwa kilifika kikiwa kimelala ubavu. Anarudi na boksi, anataka abadilishiwe apewe vichwa vyenye koti. Sisi humwomba kwanza atuletee kichwa kimoja alichokichomoa kwenye risasi aliyoijaza mwenyewe. Mara nyingi jibu huwa lipo hapo hapo: mstari umezunguka kichwa chote, umekata shaba mpaka kijivu cha ndani kinaonekana.

Kichwa chenye koti huanza kama kikombe cha aloi ya shaba na zinki, kwa kawaida asilimia 95 shaba na 5 zinki. Kikombe huvutwa kwa mashine, kisha madini ya risasi hushindiliwa ndani yake. Kichwa cha kuchovya hufuata njia nyingine kabisa. Kiini cha madini ya risasi huundwa kwanza, huzamishwa kwenye tangi la kemikali, na umeme huifanya shaba ijishikize juu yake kidogo kidogo. Baadaye hugongwa tena kwenye kalibu ili kipate umbo na kipimo sahihi. Kwenye vichwa vya kawaida vya mazoezi, unene wa tabaka hilo ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za inchi.

Wembamba huo usikufanye uone kwamba kuchovya ni kazi duni. Speer Gold Dot, risasi inayobebwa na idara nyingi za polisi Marekani, nayo hutengenezwa kwa kuchovya, ila tabaka lake ni nene. Vichwa vya bei nafuu unavyonunua kwetu kwa ajili ya mazoezi vimetengenezwa kwa kazi nyepesi zaidi, na kwa kazi hiyo tunavipenda kweli. Vimefunikwa pande zote hadi kitakoni, tofauti na vichwa vingi vyenye koti ambavyo huacha madini ya risasi wazi nyuma, mahali moto wa baruti unapopiga. Anayefyatua ndani ya jengo anapata nafuu kwenye hewa anayovuta, ingawa viwashio vya kawaida, vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti, navyo vina madini ya risasi, kwa hiyo kunawa mikono kabla ya kula kunabaki palepale. Na mwenye bastola ya Glock, ambaye mtengenezaji anamkataza kutumia vichwa vitupu vya madini ya risasi, hivi anaweza kuvitumia.

Sasa turudi kwenye ule mstari. Aliyezoea vichwa vyenye koti hubana kwa nguvu mdomo wa ganda, kile kikopo kinachobeba baruti na kushika kichwa, akiamini kwamba kubana ndiko kunakokishikilia kichwa. Kwenye bastola ya kujilisha, kinachoshikilia kichwa ni mkazo wa shingo ya ganda lenyewe. Kazi ya kubana ni kuondoa ule upanuzi wa mdomo uliouweka ili kichwa kiingie, basi. Ukizidisha, mdomo unakata shaba. Kichwa kinapoanza kuzungushwa na mifereji ya mtutu, shaba inachanika kwenye ule mkato, kipande kinabanduka, na kilichobaki hakina mizani tena. Tena madini ya risasi yaliyofunuka hujipaka ndani ya mtutu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei. Ganda la shaba nyeupe likibanwa hurudi nyuma kidogo, lakini kiini laini cha kichwa hakirudi. Kwa hiyo ukibana kupita kiasi, kichwa kinalegea! Kichwa kilicholegea kinaweza kusukumwa ndani ya ganda risasi inapoingia chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), na risasi ikifupika hivyo presha hupanda hadi pa hatari.

Kwa milimita 9, kikomo cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi Marekani, kwenye mdomo wa ganda ni inchi 0.380. Sisi hushauri uishie kati ya 0.378 na 0.379, ukipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Tengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala kiwashio, toa mtutu kwenye bastola, uiangushe kwenye chemba. Iingie kwa uzito wake, izunguke kwa kidole, itoke ukiinamisha mtutu. Kisha pima urefu wake, ikandamize kwa nguvu kwenye ukingo wa meza, upime tena, isifupike. Mwisho ichomoe kwa nyundo ya kuchomolea. Alama hafifu kwenye shaba haina neno, mkato una neno. Kama shaba imekwaruzwa kwa urefu, tatizo liko nyuma zaidi: hukupanua mdomo vya kutosha kabla ya kuketisha kichwa.

Kuhusu mwendo, Berry's wa Utah wanaweka kikomo cha futi 1,250 kwa sekunde kwa vichwa vyao vingi vya kawaida. Kwa mashindano ya USPSA, chama cha kulenga shabaha cha Marekani, kikomo hicho kinatosha na kubaki: kichwa chenye uzito wa greni 124 kikienda futi 1,010 tayari kinavuka kipimo cha nguvu cha 125 kinachotakiwa (uzito mara mwendo, ugawanye kwa 1,000). Vipimo vya baruti vichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa hicho hicho, uanzie chini. Usikubali kipimo cha kuambiwa na rafiki.

Mwenye rivolva ya .38 Special hana shida navyo. Kwa .357 Magnum ya nguvu kamili hatukuuzii vichwa vya tabaka jembamba, hata ukisisitiza. Mwendo unapita kikomo, na msukumo wa nyuma unataka mdomo ubanwe sana, jambo ambalo shaba hii haivumilii. Chukua vyenye koti na mfereji wa kubania.

Ndugu zetu wengi hapa wamekuja kwa viza ya masomo au ya matembezi, na hili lazima tuliseme wazi. Sheria ya shirikisho inahesabu vichwa, maganda, viwashio na baruti sawa na risasi kamili. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kumiliki hata boksi la vichwa vitupu, isipokuwa kama ana kibali kinachotambuliwa, mfano leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hazuiwi na kifungu hicho. Kujaza risasi kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, ila kuwafanyia watu biashara kunahitaji leseni ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Na tafadhali usifungashe chochote kati ya hivi kwenye sanduku la safari ya nyumbani. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.

Kama shabaha yako imeharibika, lete vichwa vitatu ulivyovichomoa, ganda tupu ulilopanua mdomo, na risasi moja ya majaribio. Tutavipima mbele yako na kukuonesha namna ya kurekebisha kalibu yako ya kubania, bila malipo. Vichwa vikiwa ndivyo vyenye kasoro, boksi tunalipokea.