Omakase si mbuzi wa kwenye gunia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la wiki iliyopita, aliufananisha mlo wa Kijapani uitwao omakase na kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa maelezo yake, mtu anaketi, haonyeshwi orodha ya vyakula, haulizwi anataka nini, analishwa vipande vya samaki mbichi, kisha anatozwa fedha ambazo zingetosha kulisha nyumba nzima kwa wiki kadhaa. Kuhusu fedha sitabishana naye sana. Kuhusu gunia amekosea, na kosa lenyewe si dogo, kwa sababu limegusa kiini cha mlo huo.

Mimi ni mzaliwa wa Kigamboni, na marehemu baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki aliyevuka maji kila alfajiri kwenda kwenye mnada wa Feri. Baadaye nilisoma Tokyo kwa miaka minne, na katika mwaka wa mwisho mwalimu wangu, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, alinialika katika mgahawa mmoja wa sushi, yaani vipande vya samaki juu ya wali uliotiwa siki, mtaani Ginza, wenye viti vinane tu mbele ya kaunta ya mbao nyeupe. Ninayoyaandika yanatokana na usiku ule, na pia na maswali mengi niliyomsumbua nayo mzee yule baada ya hapo.

Nianze na neno lenyewe. Omakase limetokana na kitenzi makaseru, yaani kumwachia mtu jambo au kumkabidhi. Anayelitamka anamwambia fundi, yaani mpishi wa sushi, "Nakuachia wewe." Desturi ya migahawa ya sushi inazo njia tatu za kula: okimari, ambayo ni sahani iliyokwisha kupangwa na kuwekewa bei, okonomi, ambapo mteja huagiza kipande kimoja kimoja kwa kadiri ya hamu yake, na omakase. Kwa hiyo anayekula omakase hakunyimwa kuchagua. Amechagua mtu badala ya kuchagua samaki. Vilevile si kweli kwamba haulizwi lolote, kwani swali la kwanza wakati wa kuweka nafasi ni iwapo kuna kitu asichokula au kinachomdhuru.

Mwalimu wangu alipopiga simu alieleza kwamba mgeni wake ni Mwislamu, na hapa naomba wasomaji wa Unguja, Mombasa na kwingineko wanaoweza kufika huko wanisikilize kwa makini. Samaki peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba mchuzi wa soya ambao fundi hupaka juu ya samaki kwa brashi kwa kawaida huchemshwa pamoja na sake, ambayo ni pombe ya mchele, au mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia. Na hali ni hiyo hiyo kwa mchuzi mzito unaopakwa juu ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na mara nyingi kwa kimanda kinachofunga mlo. Mambo hayo yasemwe siku ya kuweka nafasi, si baada ya kuketi, maana hapo fundi amekwisha kuandaa kila kitu tangu asubuhi. Kwetu alitayarisha soya isiyochanganywa na akaviacha vile vitu viwili vingine, mchuzi mzito na kimanda, bila ya sisi kukumbushia. Ama siki nyekundu ya wali wake, iliyotengenezwa kwa mashapo ya sake, hukumu yake nawaachia masheikh. Mimi nilijikumbusha tu kwamba Mtume aliisifu siki kuwa kitoweo bora.

Sasa nirudi kwenye gunia. Pale Feri, mnunuzi anayejua kazi yake humfunua samaki matamvua, humtazama macho, humbonyeza ubavuni, na bado samaki huyo akishafika jikoni hotelini hakuna anayejua kafanywa nini huko nyuma ya mlango. Kwenye kaunta ya omakase hakuna mlango. Fundi amesimama mbele yako umbali wa mkono mmoja, unaliona pande la jodari kabla halijakatwa, unakiona kisu, unaviona vidole vikichota wali na kuufinyanga. Sijapata kukaa katika mkahawa wowote ambamo mpishi ana mahali padogo kiasi hicho pa kujificha.

Zaidi ya hayo, anayetazama si mteja peke yake. Mimi natumia mkono wa kushoto kwa kila kazi isipokuwa moja: kama watoto wengi wa pwani, nimelelewa kula kwa mkono wa kulia, na viganja vyangu bado vinakumbuka nilivyofundishwa. Vijiti vya kulia, hata hivyo, nilijifunza ukubwani, mahali ambapo hapakuwa na shangazi wa kunikemea, nikavizoea kwa mkono wa kushoto. Kipande cha kwanza kiliwekwa mbele yangu kimelala mshazari, kama inavyofanywa ili anayetumia mkono wa kulia akiokote kwa urahisi. Nilikichukua kwa vijiti, kwa kushoto. Cha pili kikaja kimelazwa upande wa pili. Mwalimu akaninong'oneza kwamba sushi huliwa pia kwa mkono bila aibu yoyote, nami nikafurahi, nikaviweka vijiti chini, na bila kufikiri nikanyoosha mkono wa kulia. Cha tatu hakikuwahi kubadilishwa kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kutua, lakini cha nne kililazwa tena upande wa kwanza. Fundi hakusema neno, wala sikumwona akinitazama. Karibu na katikati ya mlo nikagundua pia kwamba vipande vya mwalimu vilikuwa na wali mdogo kuliko vyangu. Nilipomwuliza njiani, alicheka akasema kwamba wazee hushiba upesi na fundi hahitaji kuambiwa.

Hicho ndicho kinachonunuliwa. Ukimwachia mtu akuchagulie, naye anabeba wajibu wa kukusoma, na siku ambayo hakukusoma vizuri hana orodha ya vyakula ya kujifichia kwa kudai kwamba uliagiza mwenyewe.

Shutuma ya "samaki mbichi" nayo inahitaji kusahihishwa, kwani mtu mwenye uzoefu wa samaki ataona kwamba sehemu kubwa ya ufundi ni kuzuia samaki asibaki alivyotoka baharini. Mtindo wa sushi ya Tokyo, wakati mji huo ukiitwa Edo, ulianza kwenye vibanda vya barabarani, chakula cha vibarua na wapita njia, na kwa kawaida sifa ya kuueneza katika miaka ya 1820 hupewa fundi aitwaye Hanaya Yohei. Miaka kama ishirini kabla, mwaka 1804, mtengenezaji wa sake wa mji wa Handa alikuwa ameanza kutengeneza siki kutokana na mashapo aliyobaki nayo. Siki hiyo ilikuwa ya bei rahisi, ikasafirishwa hadi Edo, na wali wa kutiwa siki papo hapo ukachukua nafasi ya samaki waliokuwa wakiozeshwa ndani ya wali kwa miezi mingi. Barafu haikuwapo. Mwenye kibanda alilazimika kumtia samaki chumvi, au kumlowesha kwenye siki, au kumzamisha kwenye soya, au kumchemsha, la sivyo angeuza sumu kufikia adhuhuri.

Majokofu yamekuja, lakini mikono imebaki na mazoea yale. Yuko samaki mdogo mwenye ngozi ya fedha, wa ukoo mpana wa dagaa, anayeitwa kohada. Hupasuliwa, hutiwa chumvi, huoshwa, huloweshwa kwenye siki, kisha huachwa apumzike, na muda wa kila hatua hubadilika kulingana na ukubwa wake, mafuta yake na joto la siku hiyo. Akizidishiwa chumvi huwa ng'onda, akipunguziwa hunuka. Ni samaki wa bei ndogo, na kwa sababu hiyo hasa wajuzi humpima fundi kwa kohada kabla ya kumpima kwa jodari. Pweza hukandwa kwa muda mrefu kabla ya kuchemshwa taratibu, jambo ambalo mvuvi yeyote wa kwetu anayempigapiga pweza kwenye jiwe angelielewa bila mkalimani. Mkunga huchemshwa mpaka alainike kiasi cha kukatika kwa ulimi. Kamba huchemshwa. Jodari mwekundu huloweshwa kwenye soya, na wengine humpumzisha kwa siku kadhaa kwenye ubaridi ili ladha ikomae. Hata zile sehemu za tumbo la jodari zenye mafuta, ambazo leo watu huzigombea, hazikuthaminiwa hapo kale kwa sababu ziliharibika upesi.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu aliyeuliza kwa nini basi tusile jodari wetu mbichi kutoka sokoni, nadhani alikuwa akitania, ila nimjibu kama hakutania. Minyoo ya samaki ipo, na kanuni inayofahamika Japani ni kugandisha samaki kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa zisizopungua 24 ili kuiua. Jodari, nguru na vibua walioachwa juani huweza pia kujenga sumu ambayo hata kupika hakuiondoi. Baba yangu hakujua jina la sumu hiyo, lakini alijua kutomnunua jodari aliyeshinda kwenye sakafu.

Nifike kwenye fedha. Chakula cha jioni katika migahawa ya Ginza ya daraja hilo mara nyingi huzidi yeni 30,000 kwa mtu mmoja, ambazo kwa viwango vya miaka hii hazipungui sana nusu milioni ya shilingi zetu. Ni fedha nyingi, na mimi nisingeweza kuzilipa. Sehemu yake inaeleweka: viti vinane haviwezi kugawana gharama kama viti mia moja, na kila samaki hupitia kwa dalali aliyebobea katika aina hiyo tu, kwenye soko la Toyosu lililochukua nafasi ya soko la zamani la Tsukiji mwezi Oktoba 2018. Kuna msemo wa kazi hiyo kwamba kupika wali ni miaka mitatu na kufinyanga ni miaka minane, na ingawa leo ziko shule zinazofundisha kwa miezi michache, yule aliyetuhudumia alikuwa wa miaka ile mirefu. Sehemu nyingine ya bei ni majivuno tu. Mnada wa kwanza wa mwaka 2019 pale Toyosu, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6, na hakuna aliyedai kwamba nyama yake ilikuwa tamu kwa kiasi hicho. Mnunuzi alikuwa amenunua matangazo.

Ningependa, kwa kweli, msomaji yule angeshambulia mahali panapostahili kushambuliwa. Kwanza ni milango iliyofungwa. Ule mgahawa maarufu wa Sukiyabashi Jiro, ambako Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpeleka Rais Barack Obama mwezi Aprili 2014, uliondolewa katika orodha ya Michelin, kitabu kinachopima ubora wa migahawa, mwaka 2019 kwa sababu watu wa kawaida hawakuweza tena kuweka nafasi wao wenyewe; na yapo maeneo mengine ambayo mtu hapokelewi mpaka aletwe na mteja wa zamani. Mimi mwenyewe niliingia kwa mgongo wa mwalimu wangu.

La pili linanikera zaidi. Migahawa mingi ya bei ya juu imeifuta kabisa njia ya okonomi, ikabaki na omakase peke yake, kwa zamu mbili kila jioni, wateja wote wakiketi dakika ile ile na kuletewa vipande vile vile kwa mpangilio ule ule. Namna hiyo imesafiri, na sasa neno omakase limebandikwa kwenye hoteli za kifahari kutoka Dubai hadi New York, na hata kwa vyakula visivyohusiana na sushi. Hapo mteja hamwachii mtu jambo lolote. Amenunua tikiti ya onyesho ambalo lingechezwa vile vile hata kama kiti chake kingekuwa kitupu. Fundi wa namna hiyo asingekuwa na nafasi ya kuuona mkono wangu wa kushoto. Kama msomaji mwenzangu alikula mlo wa aina hiyo, basi ninaielewa hasira yake, ila asiitupie desturi nzima.

Akipata safari ya Tokyo, namshauri asianzie kwenye chakula cha jioni cha Ginza. Migahawa kadhaa mizuri hupokea wateja mchana kwa bei iliyo pungufu sana. Ziko pia sehemu za kula kwa kusimama, mfano wa vile vibanda vya zamani, ambako mtu huagiza kipande kimoja kimoja na kuondoka akishiba. Asimame mbele ya fundi, ale kwa mkono, kila kipande akile papo hapo kabla wali haujapoteza uvuguvugu, na kama ataruhusiwa kuagiza kimoja tu kabla ya kusema "nakuachia wewe", aagize kohada.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi,
Kigamboni, Dar es Salaam