Bahasha iliyo kwenye droo

Dar es Salaam

Somo yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema hisa zako 1,000 zimekuwa 1,200 bila kutoa hata senti, na shemeji ameshaanza kukuita tajiri. Mwambie angoje kidogo. Hizo ni hisa za bonasi. Kampuni imechukua faida iliyolimbikiza, ikaihamishia kwenye mtaji kwa kalamu tu, kisha kila mwanahisa akapewa moja kwa kila tano. Wote mmeongezewa kwa uwiano uleule, kwa hiyo fungu lako ni lilelile. Bei nayo hujirekebisha: hisa iliyokuwa shilingi 12 huelekea 10.

Lakini si kiini macho kitupu. Co-operative Bank huko kwenu Kenya ilitoa bonasi kama hiyo, moja kwa tano, mwaka 2017, na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, likabaki senti 80 kwa hisa. Aliyekuwa akipata shilingi 800 akapata 960, kabla ya kodi. Utamu, ukiwepo, uko hapo.

Sasa ile bahasha ya kampuni nyingine uliyoitupa kwenye droo kwa kuwa "mimi sikuomba kununua chochote". Itoe leo, tafadhali. Hizo ni hisa stahiki: kampuni inataka mtaji mpya, na inawauzia kwanza wenye hisa kwa bei nafuu. Huku kwetu benki ya CRDB walifanya hivyo 2015, moja kwa tano, shilingi 350 kila moja. Ni uwiano uleule wa bonasi yako, ila huu unadai pesa. Mwenye 1,000 alitoa 70,000 akapata 200, na umiliki wake haukutikisika. Aliyenyamaza alibaki na 1,000 zake, lakini fungu lake likapungua kwa moja ya sita.

Na bei humuuma pia. Tuseme hisa sokoni ni 500, na stahiki ni 350. Tano za 500 na moja ya 350 jumla yake 2,850; gawa kwa sita, unapata 475. Aliyelipa hufidiwa na ule unafuu. Asiyelipa amepoteza 25 kwa kila hisa, akiwa amekaa zake barazani.

Nimewahi kuwa huyo wa barazani. Kampuni siitaji, maana kosa lilikuwa langu: fomu ilikaa chini ya kitambaa cha meza hadi dirisha likafungwa.

Kama pesa hazitoshi, tazama kwenye fomu kama haki yenyewe ya kununua hisa hizo inauzika. Ukimuuzia mwingine, asilimia yako itashuka, ila mkononi utabaki na kitu. Waweza pia kulipia nusu. Ila usikope kabla hujasoma waraka wa toleo, yaani maelezo ya kampuni kuhusu hisa hizo, ujue fedha zinakwenda wapi. Kampuni inayofungua matawi si sawa na inayoziba madeni.

Tarehe ya mwisho huandikwa ukurasa wa mbele. Ukishaiona, nipigie usiku huohuo.

Somo wako