Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa: "maji ya gesi yenye ladha" ni yapi hasa?

Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: WARAKA WA VINYWAJI KATIKA MADUKA YA SHULE

Pokea salamu zetu, na pongezi kwa kuondoa soda kwenye maduka ya shule. Hilo tuliliunga mkono na tunaendelea kuliunga mkono.

Tatizo ni kile ulichoruhusu badala yake. Waraka wako unasema watoto wauziwe "maji ya kunywa au maji ya gesi yenye ladha", basi. Kwenye kikao na wenye maduka uliahidi kwamba orodha ya vinywaji vinavyofaa ingetoka kabla muhula haujafunguliwa. Muhula umefunguliwa, orodha haijatoka, na wiki hii kuna duka linauza, kwa baraka za waraka wako, chupa yenye picha ya pasheni na lebo inayosema sukari gramu 7.

Gramu 7 mtu huziona chache. Lakini hizo ni za kila mililita 100, na chupa ni ya mililita 500. Zidisha kwa 5 upate gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibaki chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40. Amebakiwa na gramu 5, na chai ya jioni bado hajainywa. Kama hiyo ndiyo maji, basi soda ilionewa.

Hatusemi maji ya gesi ni sumu. Gesi yenyewe ni kaboni dayoksaidi iliyosukumwa ndani ya maji. Yakiwa hayana sukari, yanakata kiu kama maji mengine, na kwa mtu mzima anayejaribu kuacha soda ni msaada mkubwa. Ule uvumi wa gesi kula mifupa nao uachwe: utafiti wa Framingham, Marekani, uliotolewa mwaka 2006, ulihusisha kola na mifupa dhaifu ya nyonga kwa wanawake, si vinywaji vingine vya gesi. Mwenye kiungulia au tumbo la kujaa ndiye atakayeyalalamikia.

Meno ndiyo yanayotutia wasiwasi. Gamba la nje la jino huanza kulainika asidi inapofika pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imekuwa kali zaidi) ya 5.5 kushuka chini. Maji ya gesi matupu huwa karibu na 5, na madhara yake ni madogo. Yakitiwa asidi ya sitriki, ile namba 330 kwenye lebo, ili yapate ukali wa limao au chungwa, yanaweza kushuka hadi kati ya 3 na 4, hata kama hayana chembe ya sukari. Mtoto akiyamaliza pamoja na chakula cha mchana, mate yanasafisha. Akiweka chupa kwenye dawati na kunywa funda moja moja tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, meno hayapati nafasi ya kupumua. Na asipige mswaki papo hapo: asukutue kwa maji ya kawaida, asubiri nusu saa.

Kuna na chupa za "sukari sifuri". Hapo tafuta namba 950, 951 au 955. Hivyo ni vitamu mbadala. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Mtoto mdogo hana sababu ya kuzoeshwa kwamba maji lazima yawe matamu.

Mwenye duka atajuaje yote haya? Hawezi, na wala si kazi yake. Anasoma "maji" mbele ya chupa, anaagiza katoni, anaamini ametii. Mkaguzi wako akija kesho atamtoza faini kwa kosa lililoandikwa ofisini kwako. Mzazi naye anatoa hela akidhani ameepuka soda. Wote wanakuja kutuuliza sisi, nasi hatuna orodha ya kuwaonyesha.

Tunachoomba ni mstari mmoja. Uandike kwamba kinywaji kitaruhusiwa iwapo orodha ya viambato ina maji, gesi na ladha tu: hakuna sukari kwa jina lolote, iwe glukosi, fruktosi au juisi iliyokolezwa, hakuna vitamu mbadala, hakuna namba 330. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichozidi kikitangulia, kwa hiyo mkaguzi anayeona sukari imekaa ya pili baada ya maji hahitaji maabara. Na maji ya kawaida, ya baridi, yawepo kila duka, yakiuzwa bei ya chini kuliko chupa yoyote ya rangi.

Kama orodha uliyoahidi ni ndefu mno kuandaliwa, iache. Tupe mstari huo mmoja, ndani ya mwezi huu, kabla wenye maduka hawajaagiza katoni nyingine.

Wako katika kazi,
Wataalamu wa lishe na afya ya kinywa