Mwenza asiye na cheti cha ndoa si mtalii

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu pasi za wategemezi zinazotolewa na Idara ya Uhamiaji. Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika kampuni moja huku Upper Hill, Nairobi, na kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kuwatafutia vibali wageni tunaowaajiri. Kibali cha kazi chenyewe, kile cha daraja la D, kina usumbufu wake, ila masharti yake yanaeleweka. Ugumu huja pale mwajiriwa anapouliza, "Na mwenzangu je?"

Nami humuuliza kama wana cheti cha ndoa. Ikiwa hawana, mazungumzo huishia hapo. Pasi ya mtegemezi hutolewa kwa mume au mke, kwa watoto, na kwa jamaa anayemtegemea mwenye kibali kwa sababu ya umri au ulemavu. Mtu aliyeishi na mwenzake miaka kumi bila kufunga ndoa hayumo. Ataingia kama mgeni, kwa ile idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, akae siku 90, aombe kuongezewa, na hatimaye atoke nje ya nchi ili aanze upya. Ndiyo maana magari ya Namanga, mpakani na Tanzania, hayakosi abiria wasio na shughuli yoyote Arusha.

Kinachonikera zaidi ni familia zenye watoto. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la baba na jina la mama, na kwa cheti hicho mtoto hupewa pasi bila matata. Basi utakuta nyumba moja kule Kileleshwa ambamo baba ana kibali, watoto ni wategemezi, na mama aliyewazaa ni mtalii. Karatasi inayothibitisha kwamba wawili hawa wamezaa na wanalea pamoja inakubaliwa kwa mtoto, lakini kwa mzazi haina uzito wowote. Sijapata mtu wa kunieleza mantiki ya jambo hili, na nimewauliza mawakili.

Jibu la haraka huwa, "Si waoane tu!" Wapo wanaofanya hivyo. Wanatoa notisi ya siku 21, wanaleta hati za kuthibitisha kwamba hawajaoa wala kuolewa kwingine, wanafika mbele ya msajili, kisha alasiri hiyo hiyo cheti kinaletwa mezani kwangu kikiwa bado kina joto la mashine. Sina ubaya nao. Lakini wale wanaosema sheria ya sasa inalinda heshima ya ndoa wangetembelea ofisi yangu siku moja. Ndoa imegeuzwa kiambatisho cha fomu, kama picha ya pasipoti.

Na tusidhani hili ni la Wazungu wa Karen na Gigiri peke yao. Mholanzi au Mfaransa mara nyingi huwa na karatasi fulani. Wafaransa wana mkataba wao wa PACS tangu 1999, wa watu wawili kuishi pamoja, wenye muhuri wa serikali, ingawa si ndoa na wao wenyewe hawasemi ni ndoa. Anayeumia hasa ni jirani yetu. Mganda ambaye wazee wake walikwenda kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, mahari ikapokelewa, watu wakala na kucheza, lakini hakuna aliyekwenda kusajili chochote. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi wa Jumuiya haki ya kufuatana na mke au mume wake na watoto. Haki hiyo ipo kwenye itifaki, ila kaunta inataka cheti.

Sisi wenyewe tunaishije? Nairobi hii, kuanzia Kayole hadi Kilimani, ni nyumba ngapi zimejengwa juu ya njoo-tukae, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa? Mtu akifariki, chifu huandika barua ya kuorodhesha warithi, na mjane asiye na cheti huandikwa humo kwa sababu majirani wanamjua. Mahakama zetu zimekuwa zikiidhania ndoa kutokana na watu kuishi pamoja tangu kesi ya Yawe ya 1976. Yaani nchi inayojua vizuri kwamba kuna familia zisizo na cheti ndiyo inayojifanya kushangaa mgeni akija na familia ya aina hiyo.

Lazima niwe mkweli hapa, kwa sababu najua kuna wasomaji wanasheria. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, iliibana dhana hiyo. Ilisema ndoa ya kudhaniwa iwe jambo la nadra, ikaweka vigezo vikali: wawili wawe wameishi pamoja kwa muda mrefu, wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, wawe na nia hiyo, wote wakubali, na wajitambulishe kwa watu kuwa mume na mke. Wengine wanaisoma hukumu hiyo kama kufungwa kwa mlango. Mimi naisoma vingine. Mahakama ilitambua kwamba kuna watu wazima wanaochagua kuishi pamoja bila kutaka ndoa, ikakataa kuwavisha ndoa kwa nguvu, na ikahimiza itungwe sheria ya kushughulikia watu wa namna hiyo. Tangu hapo kumekuwa kimya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inalitaja neno "kuishi pamoja" na kulipa maana yake, kisha inaliacha pale pale.

Nje ya mipaka yetu jambo hili si geni. Uingereza, ambayo tulikubaliana nayo 2021 kuhusu kupeleka wauguzi wetu, humpokea mwenza ambaye hajafunga ndoa iwapo uhusiano umedumu walau miaka 2. Kanada na Australia hutazama miezi 12 ya kuishi pamoja. Afrika Kusini, ambayo nayo ina mila kama zetu, iliingiza uhusiano wa kudumu katika sheria yake ya uhamiaji ya 2002. Si wote wanaofanya hivyo: Marekani humpa mwenza wa namna hiyo viza ya mgeni tu. Lakini muuguzi wetu aliyefuatwa Manchester na mpenzi wake wa njoo-tukae amefaidi utaratibu ambao sisi hapa tunamnyima mfanyakazi anayetoka Kampala.

Hofu ya udanganyifu naielewa. Atakuja mtu na "mwenza" wa kukodi. Ila nimeona faili nyingi, na naweza kusema cheti cha ndoa ni rahisi zaidi kupatikana kwa hila kuliko mkataba wa nyumba wa miaka miwili wenye majina mawili, akaunti ya pamoja ya benki, bili za umeme na vyeti vya watoto. Afisa wa uhamiaji anayejua kazi yake hahitaji zaidi ya nusu saa kuwahoji watu wawili kuhusu nyumba wanayodai kuishi pamoja.

Kuna watakaoruka moja kwa moja hadi kwa wapenzi wa jinsia moja, na najua hata wabunge watakaoongoza msafara huo. Ibara ya 45 ya Katiba inataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na mjadala huo una mahali pake na mahakama zake. Usitumiwe kuua shauri la mama wa watoto wawili anayesafiri Namanga kila baada ya miezi kadhaa.

Ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji hata mswada mpya. Waziri ana uwezo wa kutunga kanuni. Aongeze mwenza katika orodha ya wategemezi, kwa uthibitisho wa miaka 2 ya kuishi pamoja na hati ya kiapo ya wote wawili mbele ya wakili. Mwenye kibali abebe gharama zote. Pasi isimruhusu mwenza kufanya kazi, kama vile isivyomruhusu mke au mume leo. Na wakitengana, mwenye kibali alazimike kuiarifu idara ili pasi ifutwe. Sharti hilo la mwisho ningependa liwaguse hata wenye ndoa, maana nimeona pasi za wake walioachika zamani zikifanywa upya mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa cheti bado kimo kwenye faili.

Afisa wa wafanyakazi,
Upper Hill, Nairobi